Michoro 83 kwenye kabati la ramani: shajara ya kuihifadhi

Wenzangu wa maktaba na nyaraka huko nyumbani huniuliza kazi hii inafanywaje, nami huwajibu kwa simu, vipande vipande. Safari hii naandika. Ninafanya kazi kwenye maktaba ndogo ya mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, na kazi yangu ni karatasi: kuisafisha, kuishona, kuibandua palipobandikwa na watu wenye haraka. Anayetaka kufuata hatua hizi afuate, ila asome kwanza niliyoandika tarehe 19 Machi.

9 Januari. Droo ya chini

Albamu ilikuwa kwenye droo ya chini kabisa, yenye kibandiko kinachosema ni ramani zilizoharibika, zisitolewe. Hazikutolewa, kwa hiyo hakuna aliyetazama. Daftari la kupokelea vitabu la mwaka 1911 lina mstari mmoja tu kuhusu albamu ya vikaragosi iliyotolewa zawadi. Pembeni, kwa penseli na mwandiko mwingine, mtu kaandika "haionekani". Miaka yote hiyo ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka mezani kwake.

Ndani mna karatasi 83 za michoro ya kejeli ya London, mingi ya enzi za Mfalme George III: wanasiasa wenye matumbo, Napoleon mfupi mwenye kofia kubwa kuliko mwili, wanamitindo waliojifunga mpaka wanashindwa kupumua. Michoro hii ilichongwa kwa tindikali kwenye bamba la shaba, ikapigwa chapa, kisha ikapakwa rangi ya maji kwa mkono, nakala moja moja. Wenye maduka waliibandika madirishani, na asiye na shilingi alisimama barabarani akacheka bure.

Jambo moja linaturahisishia kazi. Sheria ya mwaka 1735, ile iliyopiganiwa na William Hogarth ili wachoraji wasiibiwe kazi zao, ilitaka kila bamba lichongwe jina la mwenye haki na tarehe ya kutolewa. Basi chini ya karibu kila mchoro kuna mstari mdogo wenye siku, mwezi, mwaka na mtaa wa duka. Ningefurahi kama picha za zamani za kwetu zingekuwa hivyo.

Hali yake: kurasa za albamu zimegeuka kahawia na zinavunjika kama kaki. Michoro imegandishwa kwa gundi ya mifupa kwenye pembe. Kuna selotepu. Kuna kuvu kwenye kona ya chini ya karatasi kama ishirini hivi, kavu, haiko hai. Na kuna saba zilizotiwa bitana ya karatasi ya khaki mgongo mzima, sijui na nani, ila huyo mtu alikuwa na gundi nyingi.

22 Januari. Kuorodhesha

Wiki mbili za kupiga picha na kupima. Sitawachosha. Kila karatasi ilipewa namba kwa penseli laini nyuma, ikapimwa, ikatazamwa kwenye taa ya chini ili alama za maji zionekane, yaani chapa ya mtengeneza karatasi iliyomo ndani ya karatasi yenyewe. Alama hizo ni hazina: mchoro mmoja unasema ulitolewa 1792, lakini karatasi yake ina alama ya "J Whatman 1801". Bamba ni la 1792, nakala yetu ilipigwa baadaye. Usiamini tarehe ya bamba peke yake.

Kwa utambuzi tunategemea katalogi ya michoro ya kejeli ya British Museum, jumba la makumbusho la London. F. G. Stephens aliianza karne ya 19, na Dorothy George akaandika juzuu za 5 hadi 11, kati ya 1935 na 1954. Kila mchoro una namba. Ule maarufu wa mchoraji James Gillray wa tarehe 26 Februari 1805, Waziri Mkuu Pitt na Napoleon wakikata dunia kama keki mezani, ni namba 10371. Tunao. Pitt anajikatia bahari, Napoleon anajikatia Ulaya, na nakala yetu ina alama ya kikombe cha chai juu ya Atlantiki.

Ninaoupenda zaidi ni wa 1808, wa mzee anayeteleza barabarani na kudondoka kwa makalio. Nyuma yake ni dirisha la duka la Hannah Humphrey, namba 27 St James's Street, limejaa michoro, na watu wamempa mgongo mzee wa watu, wanatazama dirisha. Gillray aliishi ghorofani kwenye nyumba hiyohiyo. Kachora wateja wake.

Habari mbaya kwa mkutubi wetu mkuu: karatasi nne nene, zisizo na rangi, zimechapwa pande zote mbili. Hizo si za enzi ya Gillray. Baada ya yeye kufa mwaka 1815, mabamba yake yalizunguka mpaka yakafika kwa mchapishaji Henry Bohn, aliyeyapiga chapa upya mwaka 1851 mbele na nyuma ili kuokoa karatasi. Bei yake sokoni ni ndogo. Mama wa watu alikwisha kuahidi bodi kwamba zote ni za asili. Nilimwambia, "Mama, hata nakala ya Bohn imefikisha zaidi ya miaka 170." Alitabasamu kwa adabu.

6 Februari. Vumbi na kuvu

Barakoa ya FFP3 (ya kuzuia vumbi laini sana), glavu, mashine ya kufyonza yenye kichujio cha HEPA (kinachonasa hata mbegu za kuvu) kwa nguvu ndogo, wavu kati ya mdomo wa mashine na karatasi. Kisha sifongo kavu ya mpira, ukigusa na kuinua, bila kusugua. Siku nne. Mashine tuliazima.

Sifongo haipiti juu ya rangi. Kuna mashavu ya mfalme yaliyogeuka meusi kana kwamba kapakwa masizi, na mfanyakazi wa kujitolea alitaka kuyafuta. Si uchafu. Rangi yenye madini ya risasi ikikutana na salfa ya moshi wa makaa na taa za gesi hugeuka nyeusi. Ukisugua unaondoa shavu lenyewe.

27 Februari. Kuibandua

Nilianza na mvuke, kwa kifaa chenye mdomo mwembamba. Gundi ya mifupa inayeyuka vizuri kwa joto na unyevu, lakini mvuke hauna adabu: unaingia hata usikoalikwa. Karatasi ya tatu ilipata ukingo wa kahawia, uchafu wa gundi ulisafiri na maji ukasimama pale unyevu ulipoishia, kama alama ya chumvi kwenye shati la jasho. Nikaacha.

Kilichofaa ni uji mzito wa methiliselulosi (unga utokanao na selulosi ya mimea, ukitiwa maji huwa kama jeli), asilimia 5, unaopakwa juu ya kipande cha karatasi nyembamba ya Kijapani kilichowekwa juu ya gundi. Funika kwa plastiki, subiri dakika 15. Gundi inalainika kama ubwabwa uliolala, unaikwangua kwa mwiko mdogo wa plastiki. Rudia. Kila pembe dakika 40 kwa jumla, na kila karatasi ina pembe nne. Fanyeni hesabu wenyewe.

Palipokuwa na ugumu tulikata ukurasa wa albamu kuzunguka pembe, tukaacha kipande kibaki mgongoni mwa mchoro mpaka siku ya kuoshwa. Hili ningelifanya tangu mwanzo.

19 Machi. Kosa

Leo nimeharibu mchoro.

Ni mmoja wa michoro ya bei nafuu ya Thomas Tegg wa Cheapside, aliyeuza hata ya rangi kwa shilingi moja. Ofisa wa majini mwenye koti la buluu anamtongoza muuza samaki. Karatasi ilikuwa na asidi nyingi, ya manjano, dhaifu. Nilipanga kuiosha kwa maji yaliyotiwa chokaa safi kidogo, kama tufanyavyo siku zote, ili asidi itoke na karatasi ibaki na akiba ya kujilinda.

Nilijaribu rangi kwanza. Tone la maji safi juu ya kila rangi, karatasi ya kufyonza juu yake, kandamiza. Hakuna iliyochuja. Nikaiweka kwenye beseni.

Baada ya dakika kama kumi koti lilikuwa limepoa. Halikuchuja, maji hayakuwa na rangi hata kidogo. Rangi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikifa pale pale ilipo: buluu ikawa kijivu, kijivu ikaanza kuwa na ukahawia. Nikaitoa, nikaisuuza kwa maji safi, nikaisimamia kama mtu anayesimamia mgonjwa. Koti halikurudi. Halitarudi.

Buluu ile ni buluu ya Prussia, yenye chuma ndani yake. Inastahimili asidi, haistahimili alkali, kinyume cha asidi. Katika maji yenye alkali nyingi inavunjika na kuacha kutu. Hili nalijua tangu darasani. Nilipopima maji upya kwa karatasi za kupimia, pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati na juu yake alkali) ilikuwa 9.5. Nilidhani ni 8, kwa sababu kipimo chetu cha umeme kilisema 8, na kipimo hicho hakikuwa kimesawazishwa tangu Novemba.

Usiku nilimpigia mzee aliyenifundisha kujalidi vitabu Tanga, sasa kastaafu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Sauti imekauka, kuna msiba?"

Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo.

"Rangi uliijaribu kwa maji gani?"

"Maji safi, mwalimu."

"Na ukaoshea maji gani?"

Sikujibu.

"Basi hukujaribu, mwanangu. Ulilowesha tu."

Kwa hiyo, kwa wanaofuata: jaribuni kwa maji yaleyale mtakayooshea, na muache tone likae muda uleule, si sekunde thelathini. Msitazame kuchuja peke yake, tazameni na kubadilika. Karmini, rangi nyekundu, nayo hugeuka katika alkali, kuelekea zambarau. Kipimo cha pH kisawazishwe asubuhi ya kazi.

Nimeandika taarifa ya uharibifu yenye picha za kabla na baada. Imo ndani ya faili la mchoro.

4 Aprili. Jeli

Wiki mbili bila maji. Nimesoma, nimejaribu kwenye mabaki ya karatasi za kale zisizo na thamani, na sasa tunaosha kwa jeli ya gelani. Ni unga unaochemshwa na maji yenye asetati ya kalisi, gramu 0.4 kwa lita. Tunatumia asilimia 2 ya unga. Unamimina kwenye trei, inaganda kama halua laini, unakata shuka la unene wa milimita 5. Mchoro uliolainishwa kwa unyevu unalazwa juu yake, uso juu. Jeli inatoa maji kidogo kidogo kwa chini na kunyonya uchafu wa manjano bila kuifurikisha rangi. Dakika 30, inua, tazama. Jeli inabaki na kivuli cha mchoro kama chai iliyokolea.

pH tunaiweka karibu na 7. Karatasi haipati akiba ile ya chokaa, na nimekubali. Makunjo (mafaili ya karatasi ya kutia mchoro) na makasha yenye akiba ya alkali yatasaidia kwa nje. Hata hivyo niliiacha ile alama ya kikombe juu ya Atlantiki: haina madhara, na ni ya msomaji.

Kosa dogo: trei ya kwanza nilimimina jeli kabla haijachemka sawasawa, ikawa na mabonge, na kila bonge liliacha doa la mviringo kwenye karatasi ya majaribio. Ichemshwe mpaka iwe angavu kama kioo.

25 Aprili. Selotepu

Karatasi 14. Plastiki yake inatoka kwa mwiko wenye joto, lakini siku ya kwanza niliweka joto kubwa na gundi ikayeyuka ikazama kwenye nyuzi, ikaacha mstari wa mafuta. Punguza joto mpaka uone plastiki inainuka bila kumetameta chini yake. Mabaki yanayonata yanazungushwa kwa kifutio cha krepu mpaka yawe vijibonge. Doa la kahawia lililobaki sikuligusa kwenye michoro ya rangi. Kwenye minne isiyo na rangi tulitumia asetoni chini ya kifaa cha kuvuta hewa chafu, likapungua nusu. Inatosha.

Nyufa zote zinazibwa kwa vipande vya karatasi ya Kijapani vilivyochanwa kwa mkono, si kukatwa, na uji wa wanga wa ngano. Wananiuliza sana kuhusu uji huu, kwa sababu wanga safi wa dukani ni ghali na haufiki huko. Kanda unga wa kawaida wa ngano na maji, uache saa moja, kisha ufinyange ndani ya bakuli la maji kama unayeosha nguo. Maji meupe ndiyo wanga. Donge linalovutika unalobaki nalo mkononi si la kazi hii. Acha maji yatulie usiku kucha, mwaga ya juu, pika kilichotuama kwa moto mdogo ukikoroga dakika 30 hadi 40, kikipoa kipitishe kwenye chekeche mara tatu. Nimetengeneza wa namna hii hapa nikaulinganisha na wa dukani: wangu una rangi kidogo, unashika vilevile. Hauwekwi zaidi ya siku chache, maana wadudu na kuvu nao wanaupenda.

14 Mei. Chini ya bitana

Zile saba zenye khaki. Hazina rangi, wino wake ni wa mafuta, kwa hiyo maji hayakunitisha. Gundi ilikuwa uji wa unga tu. Nililaza kila moja uso chini, nikapaka methiliselulosi juu ya khaki, nikasubiri saa nzima, nikaanza kuvuta bitana kutoka kona moja kwa pembe ya chini kabisa, bitana ikitoka kwenye mchoro, kamwe si mchoro kutoka kwenye bitana.

Kona ya kwanza ilipoinuka niliona mguu. Mguu wenye buti.

Nazo zilikuwa za Bohn, zimechapwa pande mbili, na aliyezitia bitana alifunika upande mzima wa pili. Zote saba. Michoro minane imetoka, kwa sababu karatasi moja ina miwili. Mkutubi mkuu aliitwa, akaja na chai mkononi, nikamwomba aiache mlangoni. Amekwisha kuzisamehe nakala za Bohn.

Karatasi ni 83 zilezile, orodha ndiyo imebidi iandikwe upya.

5 Juni. Kijani, na namba 31

Rangi ya kijani yenye shaba imeila karatasi. Kwenye michoro sita, kila palipo na nyasi au koti la kijani, nyuma pamechomeka kahawia na pengine pametoboka kwa umbo lilelile la jani. Hapa maji ni sumu, kwa kuwa shaba husafiri nayo na kwenda kuchoma pengine. Tunatumia karatasi ya Kijapani ya gramu 5 kwa mita ya mraba iliyopakwa gelatini mapema na kukaushwa. Ukitaka kuibandika unaigusisha kwenye sifongo yenye unyevu tu, inaamka, unaiweka. Kundi la kwanza nilipaka gelatini ya asilimia 10. Ikajikunja kama gamba la mbao na kung'aa, yote ikatupwa. Asilimia 3 ndiyo.

Namba 31 imenichukua siku nyingi kuliko inavyostahili kwa ukubwa wake. Ni Gillray, tarehe 23 Aprili 1791, mwezi ambao Bunge la Uingereza lilijadili na kukataa kukomesha biashara ya watumwa. Msimamizi wa shamba la miwa huko Karibi anamkoroga mtu ndani ya pipa la maji ya miwa yanayochemka. Habari yenyewe ilitokana na ushahidi uliosomwa bungeni.

Mwenye albamu alikuwa amebandika kipande cha karatasi ya maua juu ya pipa. Ukifungua ukurasa unaona mwanamume mwenye mjeledi anakoroga bustani.

Mimi ni mtu wa Pangani. Bonde letu nalo lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, karne ya 19, na majina ya baadhi ya sehemu bado yanajulikana. Nilikaa na kile kipande cha maua nikijiuliza kama nikitupe. Mwenzangu wa idara alitaka kiondoke na kiwekwe faili. Mkutubi mkuu alitaka kibaki, watoto wa shule hupita. Tulibishana kwa heshima, wiki mbili.

Gundi yake ilikuwa dhaifu, ikaachia kwa unyevu mdogo. Chini yake rangi ni mbichi kabisa, haijaona jua tangu siku ya kubandikwa. Mwishowe nimekirudisha, lakini kwa bawaba ya karatasi ya Kijapani upande wa kushoto tu. Msomaji atakuta maua, kisha atayafungua kwa mkono wake.

28 Juni. Gharama na kilichobaki

Vifaa, kwa pauni: jeli na asetati 50, karatasi ya Kijapani 64, ile ya gelatini niliyoiharibu 27, wanga na methiliselulosi 30, karatasi za kufyonza 90, makunjo na makasha yasiyo na asidi 310. Jumla 571. Saa za kazi sijaziweka, na kwa kweli ndizo gharama. Mkiwa na fedha za kitu kimoja tu, nunueni makasha. Mchoro mchafu ndani ya kasha zuri utawasubiri.

Unyevu wa chumba unakaa kati ya asilimia 45 na 55 hapa bila taabu. Pwani haiwezekani kwa bei ya kawaida, najua. Msihangaike na namba hiyo, hangaikeni usipande na kushuka kwa ghafla, na kasha liwe mbali na ukuta wa nje na juu ya sakafu.

Karatasi 77 zimeshaingia makashani. Sita za kijani bado, nimeagiza gelatini nyingine. Kurasa tupu za albamu tumezihifadhi pia, kwa kuwa mpangilio wa mwenyewe uko pale, pembe zinaonyesha nini kilikaa kando ya nini. Ofisa wa Tegg yuko kasha la tatu. Juu ya kunjo lake nimeandika kwa penseli kwamba koti lilikuwa la buluu hadi 19 Machi, na herufi za jina langu.

Kipimo kipya cha pH kinafika Jumatatu.